Sahani ya Mgeni

Mawese yakipata moto, popote nilipo, pua hunirudisha jikoni kwetu Malvern, mtaa wetu wa ugenini, kando ya cherehani ya mama, na wivu wa zamani huamka. Ndiyo, wivu. Nilikuwa mtoto wa miaka saba, nikamwonea mtu wivu kwa sababu ya sahani.

Msinicheke, hamkuiona. Ilikuwa ya kale, nyeupe yenye picha za buluu: meli iliyonaswa kwenye barafu, wanaume waliojifunika manyoya wakivuta mizigo pamoja na mbwa wao, dubu mweupe akiwatazama kwa mbali. Picha hazikuchorwa kwa mkono; zilichapwa kwenye karatasi, zikabandikwa kwenye udongo. Pale karatasi zilipokutana vibaya, mbwa mmoja alikosa miguu ya nyuma. Huyo nilimpenda kuliko wote. Bibi mmoja Mzungu aliyekuwa akihama mtaa alimwachia mama sahani hiyo, shukrani ya mapazia aliyomshonea. Sisi wa nyumbani tulikula kwenye sahani za bati. Ile ilikuwa ya mgeni.

Basi akaja Neema, mtoto wa mama mdogo, kutoka Bukavu. Angekaa nasi mpaka mama yake amfuate. Kila jioni mama alimpakulia bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo juu ya meli yangu. Alikula polepole, barafu ikatokeza, kisha mlingoti, kisha mbwa wangu, naye wala hakuwaangalia! Macho yake yalikuwa mlangoni. Jamani, roho iliniuma.

"Eish, mama! Neema ataacha lini kuwa mgeni?"

"Kula, chakula kinapoa."

Jumapili kanisani, watu wazima walipoomba makaratasi ya kuishi nchini, mimi niliomba Neema aache kuwa mgeni. Niliomba kwa bidii, macho nimeyafumba kabisa.

Mchana mmoja simu ililia. Cherehani ikanyamaza. Akina mama wa kanisa wakajaa chumbani, sisi watoto tukaambiwa tukacheze nje. Jioni mama, macho mekundu, aliweka sahani ya meli mbele yangu, na ya bati mbele ya Neema.

"Kuanzia leo Neema si mgeni," alisema. "Ni mtoto wangu."

Nilikula mbio mpaka nikamfikia mbwa wangu. Neema hakugusa chakula. Aliitazama ile ya bati, machozi yakamtiririka kimya kimya. Nikajisemea, haya, sasa ni zamu yako kuona wivu.

Nilikuwa mkubwa nilipoambiwa kwamba simu ile ilileta habari ya kifo cha mama mdogo. Neema hakuwa ameambiwa bado. Alielewa alipoona bati.

Siku hizi sahani iko kwangu. Neema huja Jumapili, haulizi, hufunua sufuria mwenyewe. Kila mara namwekea ile ya meli mezani. Kila mara huirudisha kabatini, akachukua ya bati.