Siku Saba Zao, Siku Kumi Zetu

Katika nyumba yetu ya Ujiji, posa haijibiwi siku inapoletwa. Barua hupokelewa kwa adabu, wageni hunywa chai, kisha barua huwekwa. Waliokuja kuposa warudi kwao wakakae roho juu, kwa sababu binti anayejibiwa haraka huonekana alikuwa mlangoni akisubiri. Hayo nilifundishwa na baba, na baba alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, ikawa kazi yangu. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule wiki ile ile, nikaingia karakana ya maboti ufukweni kujifunza kupigilia mbao na kukalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba na mawese, nikawa baba wa wadogo zangu wawili wa kike kabla sijaota ndevu.

Mdogo anayenifuata alipoposwa na mwalimu mmoja wa Kasulu, niliiweka barua siku ishirini. Shemeji mpaka leo anatania kwamba alikonda, suruali ikawa haikai kiunoni. Ndoa yao ipo na ni nzuri. Kwa hiyo nilijiona nimefuzu. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilichokifanya baadaye sikukifanya kwa kubahatisha. Nilikifanya nikiwa na uhakika.

Mdogo wa mwisho ndiye aliyekuja kuwa rubani. Alikuwa na kichwa cha hesabu tangu mdogo. Ufadhili ulimpeleka nje kujifunza kurusha ndege, na ufadhili ulipoishia njiani tuliuza shamba la michikichi alilotuachia baba kule Kidahwe. Akarudi, akarusha vindege vya watalii huko mbugani miaka miwili ili akusanye saa za kuruka, maana rubani hupimwa kwa saa alizokaa angani.

Kisha zikamjia barua mbili za kazi ndani ya wiki moja. Akapanda basi akaja nyumbani kuniuliza.

Tulikaa barazani. Alinisomea kwenye simu, akinitafsiria polepole. Barua ya kwanza ilitoka kampuni kubwa ya Uarabuni, yenye ndege zinazovuka bahari. Walimpa siku saba kujibu. Ya pili ilitoka kampuni ya hapa nchini, ndege za mapangaboi, na moja ya njia zake ilikuwa Dar es Salaam hadi Kigoma. Hao hawakutaja siku. Walichotaka ni kwamba wakishamfundisha ndege yao asiondoke mpaka imalizike miaka mitatu.

"Moyo wako uko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa hawa wa siku saba, kaka. Kule ukubwa unakwenda kwa tarehe. Anayeingia leo ni mkubwa kwa anayeingia kesho. Kuchagua njia, likizo, kupanda kuwa kapteni, vyote vinafuata foleni hiyo mpaka unastaafu."

Nikacheka. "Kumbe hata kwa Waarabu kuna kifungua mimba."

Naye akacheka. Alikuwa amefurahi sana siku ile, sitaki kusema vinginevyo.

"Basi hizo siku saba ni zao," nikamwambia. "Sisi tutajibu siku ya kumi."

Kicheko kikakatika. "Kaka, hii si posa."

"Kinachoingia nyumba hii kwa barua ni posa. Ukiwakimbilia, watakupa cha mtu aliyekimbia. Waache wakuhitaji."

"Hawanihitaji. Wana watu mia nyuma yangu."

"Ndivyo wanavyosema wote. Shemeji yako naye alisema Kasulu imejaa wasichana."

Nilikuwa namjua. Huyu hakuwahi kupanda basi la kwenda shule kabla sijamwekea mkono kichwani. Hakuwahi kunipinga hata nilipokosea, na nilipokuwa nakosea mara nyingi alijua kabla yangu. Angeweza kujibu kwa kubofya mara moja pale pale barazani, na mimi nisingejua. Hakubofya.

Mpaka hapa ningeweza kusema ni mila tu, nikajisamehe. Lakini siku ya tatu nilikuwa karakana, na fundi mwenzangu, mtani wangu Mmanyema asiyeacha mdomo upumzike, akaniuliza habari za rubani wetu. Nikasikia ulimi wangu ukijibu, "Atakuwa anatua hapa hapa Kigoma."

"Ahaa! Na wewe utamkalafatia ndege?"

"Nitakukalafatia mdomo wako kwanza."

Mafundi wote wakacheka, na mimi nikapiga nyundo kwa raha niliyokuwa sijaisikia kwa miaka. Nilishaona namna nitakavyosimama ufukweni, ndege ikipita juu ya ziwa, niseme yule ni wangu. Siku ya tano nilishawaambia watu msikitini. Mtu anayengoja kupima posa mbili hatangazi mkwe. Mimi nilishatangaza.

Siku ya sita mdogo wangu aliandika kuomba aongezewe muda. Hakujibiwa. Siku ya saba alikaa barazani tangu asubuhi, simu juu ya paja, akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nilipita nikienda kazini, nikapita tena nikirudi kula. Neno moja tu lingetosha. Ningesema "haya, wajibu," angejibu kabla sijavua viatu. Nikasema, "Kahawa ipo?"

"Ipo kaka."

Siku ya nane wakaandika. Walimshukuru kwa adabu kubwa, wakasema nafasi yake katika darasa lile amepewa anayefuata. Alinisomea bila kutetemeka. Huyo anayefuata alikuwa amesoma naye, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimsaidia hesabu.

Nilisema lile ambalo watu husema, kwamba kila jambo na riziki yake. Akasema, "Ndiyo, kaka." Siku ya kumi, kama nilivyoagiza, tukajibu. Ilikuwa imebaki barua moja.

Basi nikapata nilichokitaka. Alianza kutua Kigoma. Mara ya kwanza nilivaa kanzu, nikabeba migebuka waliokaushwa na chupa ya mawese, nikaenda uwanja wa ndege. Ndege inakaa chini muda wa kushusha watu na kupakia wengine, haifiki saa. Ujiji hapafikiki kwa muda huo. Tuliongea tumesimama karibu na mlango wa abiria, yeye na shati jeupe lenye mistari mabegani, mimi na harufu ya samaki.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Wote wazima?"

"Wazima. Umepungua."

"Ni shati."

Tukabaki hivyo. Siku nyingine alibeba migebuka, siku nyingine alisema hawezi kuingia nao. Hakunilaumu hata mara moja. Ningependa zaidi angenilaumu, ningepata pa kujitetea. Mara moja tu, bila kuulizwa, alisema, "Yule aliyepewa nafasi yangu anarusha ndege ya watu mia tatu sasa." Kisha akatazama saa. "Mizigo imeshapakiwa, kaka."

Nikarudi karakana. Mtani akauliza nimemwonaje rubani. Nikasema anawasalimu.

Miaka mitatu ya mkataba imeisha mwaka huu. Juzi simu iliita nikiwa ubavuni mwa boti, vidole vimejaa mawese, nikaipokea kwa kiganja.

"Kaka, nimepata kazi nje. Naanza mwezi ujao."

"Kampuni ile ile?"

"Nyingine. Ile ningeanzia mwisho wa foleni."

"Walikuandikia lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Ukawajibu lini?"

Alisita kidogo, na katika kusita kule nilimsikia bado ni mtoto aliyekuwa akiinamisha kichwa nimwekee mkono. "Jumatatu asubuhi," akasema.

Ilikuwa Alhamisi. Dada yake wa Kasulu alikuwa ameshajua. Hata shemeji alijua. Mimi niliambiwa kama anavyoambiwa jirani, barua imeshatiwa saini na tiketi imeshakatwa. Mimi niliyemlea tangu nikiwa na miaka kumi na sita sikuulizwa, na sikuwa na haki hata ya kushangaa.

"Kaka, upo?"

"Nipo."

"Nilitaka radhi yako tu."

Ningeweza kusema nitafikiri. Ningeweza kuiweka, kama baba alivyonifundisha, akae roho juu na yeye. Nilitazama ufa niliokuwa nauziba, pamba ikining'inia nusu ndani nusu nje.

Nilimpa pale pale. Sikuiweka hata dakika moja.