Daktari Aliyeitwa Mheshimiwa

Wanasema kimya kingi kina mshindo. Rabson wa Ibaba hakuwa na mshindo wowote. Alikuwa mkulima wa viazi huko milimani Ileje, mume wa Ikupa, mwimbaji wa kwaya, mtu asiyejua kudanganya hata mtoto. Na huko kutojua kudanganya ndiko kulikomponza.

Kijijini kwake walimkamata mwizi wa ng'ombe. Wakampiga kwa mawe na mipini ya majembe mpaka jicho likamtoka. Polisi walipofika, watu wote walishatimua mbio. Rabson peke yake alibaki, amepiga magoti, anamfunika yule mwizi kwa koti lake. Wakambeba yeye. Koti lina damu, wataka ushahidi gani tena?

Tulikutana mahabusu. Mie Makame, dereva wa lori, nilimvunja taya mpiga debe pale Tunduma, na sijuti. Kesi zetu zilisikilizwa kwa video: unaingizwa chumba kidogo, hakimu yumo kwenye skrini, unasomewa shtaka, unajibu, unarudishwa selo.

Selo nayo ilikuwa na mahakama yake. Kasiani, nyapara wetu, alikaa juu ya ndoo akijifanya hakimu, na kila mgeni alifundishwa jibu moja: "Si kweli, mheshimiwa." Ukijibu jingine unakula kichapo, eti kwa faida yako. Rabson akaulizwa kama alikuwepo mwizi alipopigwa. Akasema alikuwepo. Kasiani akamzaba kibao. Akaulizwa tena, akasema alikuwepo na alijaribu kuwazuia. Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini selo ile Mungu hakuwa nyapara. Kasiani alishuka kwenye ndoo akampiga teke la ubavu wa kushoto, akaongeza jingine na jingine, wenzetu wanashangilia kama wako mpirani. Nikamrukia Kasiani. Wakanishika, wakanibamiza kichwa ukutani. Nilipopata fahamu, Rabson alikuwa amejikunja sakafuni, anarudia kwa sauti ndogo: si kweli mheshimiwa, si kweli mheshimiwa. Somo lilikuwa limemwingia.

Kesho yake tumbo lilikuwa limejaa, bega la kushoto linamkata, jasho la baridi linamtoka. Efraimu, tabibu wa zahanati ya gereza, alimpapasa akasema huenda wengu umepasuka na damu inavujia ndani. Asipofanyiwa upasuaji atakufa. Lakini gari la kumpeleka hospitali kubwa lilitaka neno la daktari, na daktari alipatikana kwa video. Basi tukambeba, mie miguu, Kasiani mabega, maana wagonjwa hubebwa na nyapara. Tukamwingiza chumba kilekile, mbele ya skrini ileile.

Daktari Bushra, mama mmoja mwenye miwani, alimsalimu vizuri akamuuliza kama tumbo linamuuma.

"Si kweli, mheshimiwa," akasema Rabson.

Akaulizwa kama amepigwa. Si kweli. Anasikia kizunguzungu? Si kweli. Alikana maradhi yake yote, midomo imemkauka, na Kasiani yuko nyuma yake kaegemea mlango. Efraimu akajaribu kueleza alichokigusa kwa mikono yake. Askari akamkatiza: mgonjwa mwenyewe kasema haumwi, gari haliendi popote. Yule daktari akawa anasita. Mtu anakufa mbele ya macho yetu, na kinywa chake mwenyewe ndicho kinachomzika!

Hapo nikapandwa na mori. Nilimkaba Kasiani koo nikambamiza mlangoni. Akanipiga kiwiko cha mdomo, jino likaruka mpaka kwenye meza ya skrini. Askari wakatutandika marungu wote wawili, damu zangu zikachuruzika kifuani. Daktari aliona yote. Akapaza sauti, akataka Kasiani atolewe nje. Akatolewa. Kisha daktari akasogeza uso karibu na skrini.

"Baba Rabson," alisema, "mimi si hakimu. Sikuulizi ulichomfanyia mtu. Nakuuliza ulichofanyiwa."

Machozi yakamlengalenga Rabson. Akapandisha shati. Ubavu mzima ulikuwa mweusi.

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema. "Nimepigwa. Naumwa sana."

Daktari akaamuru apelekwe mara moja, na gari likaondoka, Efraimu akimsindikiza. Nilikaa selo na mdomo wangu uliovimba, wallahi nina furaha. Nikajisemea kumbe skrini ile ina kheri yake, mtu kakubali kutibiwa, mtu atapona. Sikujua kitu. Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara, malori ya wenzangu hao hao, na gari likakwama katikati. Efraimu alirudi jioni. Alikuwa amemwacha Rabson mochwari.

Nilimlazimisha anieleze. Akasema njiani, wamekwama pale, Rabson alimshika mkono akamuuliza jambo moja tu.

"Nimeshakubali, tabibu. Yule mama atanifunga miaka mingapi?"

Nilitamani kuung'oa ule mlango wa selo kwa meno yaliyobaki. Efraimu alisema alianza kumwelewesha, akaona pumzi zinamwishia, akaacha. Akamwambia kwamba yule mama ameshatoa hukumu, amemwachia huru, aende zake nyumbani kwa Ikupa. Rabson akatabasamu. Kisha akaanza kupapasa chini ya kiti cha gari, anatafuta viatu vyake.