Stika ya Epo kwenye Ndulele

Ilianza Jumamosi, saa nane na robo mchana. Saa naijua kwa sababu mama alikuwa ameniachia saa yake ya mkononi kabla ya kwenda ziwani kufua. Aliniambia, "Mshale mfupi ukifika kwenye nne, yaani saa kumi, bandika maharage. Na macho yako yawe kwa Kabula." Nilikuwa darasa la tatu. Kabula, mdogo wangu, alikuwa na miaka minne.

Najua nina miaka kumi na saba tu, na bibi yangu wa Sengerema akinisikia nikisema "enzi zetu" atacheka mpaka ashike mbavu. Lakini mliokulia Kiseke wakati ule, katikati ya yale mawe makubwa, mnanielewa. Kila jiwe lilikuwa na kazi yake. Moja kanisa, moja basi la Dar, na lile bapa nyuma ya choo chetu lilikuwa genge langu. Niliuza sukari ya mchanga na mchicha wa majani ya boga, na nilipokea vizibo vya soda. Na matunda yangu yote yalikuwa ndulele.

Ndulele mnalijua. Kichaka chenye miiba, kinaota popote hata usipokitaka, kinazaa vitunda vya mviringo, vya kijani vyenye mabaka meupe, vikiiva vinakuwa vya njano. Mtu ambaye hajawahi kuonja epo ukimwekea ndulele lililoiva mezani, atasema ni epo ambalo halijakua. Mama alikuwa akituambia kila siku, "Mkishika hayo mnawe mikono. Hata ng'ombe mwenye njaa anayapita." Sisi tulijua. Ndiyo maana genge letu lilikuwa na sheria: mteja analipa, anasema nyam nyam nyam hewani, kisha anarudisha bidhaa ili mwingine anunue. Nani angemeza mchanga?

Siku ile rafiki yangu Happy alikuja na epo la kweli. Baba yake alikuwa anabeba mizigo uwanja wa ndege, na siku moja moja alirudi na kitu. Happy alipanda juu ya jiwe akalila peke yake, taratibu, tukisikia kila linapovunjika. Kabula alisimama chini amefungua mdomo. "Nipe kidogo." "Hili la wagonjwa," Happy akamjibu, "wewe unaumwa?" Akala mpaka katikati, na mbegu pia. Alichobakiza ni stika ile ndogo ya duara. Nilimwomba, akanipa.

Kabula alikuwa analia, na mimi sipendi kelele. Nilichukua ndulele la njano kuliko yote, nikalipaka mafuta ya mgando, nikalifuta kwa gauni likang'aa, nikabandika stika. Lilipendeza. Mpaka leo sijatengeneza kitu kikapendeza vile.

"Karibu mteja. Epo limeshuka na ndege sasa hivi."

"La kweli?"

"Si unaona stika?"

Alinilipa kizibo, akaondoka nalo. Nikageuka kumpimia Happy sukari. Nilipokumbuka kwamba mteja wangu hajarudisha bidhaa, Kabula alikuwa anatoka nyuma ya jiwe, mkononi ana kikonyo, kidevuni ana mbegu.

"Dada, epo chungu."

Happy alishuka kwenye jiwe akavaa ndala. "Mimi sikuwepo," akasema. "Mimi niko kwetu tangu asubuhi." Akaenda.

Nilimsukutua Kabula mara tatu. Nilimlambisha sukari ya kweli. Nilimwambia asimwambie mama, akaitikia kwa kichwa. Kisha nikakaa mlangoni na ile saa. Saa tisa, anacheza. Saa tisa na nusu, amenyamaza. Nikajiambia ni usingizi. Saa kumi nilibandika maharage kama nilivyoagizwa, na nilipokuwa napuliza moto akaanza kutapika.

Mama alitukuta hivyo. Hakuuliza, alimtia mgongoni tukakimbia zahanati. Mimi nilifuata nyuma, na njia nzima maneno yalikuwa mdomoni. Lakini waliosoma nami wanajua nilivyo. Mimi ni yule mtoto ambaye mwalimu akimuuliza jina anaangalia viatu.

Nesi alimtoboa kidole Kabula, hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa, kwa sababu Kabula alilia hata akichanwa nywele.

"Malaria hana," nesi akasema. "Amekula nini?"

"Ugali na dagaa, na wote tumekula," mama akajibu.

Nesi alinigeukia. "Na wewe mwanangu, mlicheza nini?"

Niliangalia viatu.

Mama alikuwa anamfuta mkono Kabula akaona kitu kimenata kwenye kidole gumba. "Hiki nini?"

Kabula alifungua macho, makubwa, hayamwangalii mtu. "Ya epo," akasema.

"Epo?" Mama alishusha pumzi. "Basi ni yule mtoto wa jirani. Baba yake huwa analeta."

"Labda halikuoshwa," nesi akasema, akainama, akaandika. Niliona kalamu yake ikiandika. Nilijua kusoma. Epo.

Uongo wangu wa genge ulikuwa sasa umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na watu wazima wawili walikuwa wanauamini. Nesi aliweka kalamu akaenda kuchota maji. Mdomo wangu haukufunguka, nawaambia ukweli, haukufunguka. Mkono ndio uliokwenda. Nilichukua kalamu, nikakata lile neno, nikaandika pembeni: si epo ni ndulele nilimdanganya mimi.

Nesi aliporudi alisoma kwa sauti. Mama hakunipiga. Alikaa chini.

"Mangapi?" nesi akauliza. Nikaonyesha kidole kimoja. "Lote?" Nikaitikia. Aliita daktari hapo hapo, wakamwekea dripu, wakawa wanamfunua macho kila mara. Jua lilipozama Kabula alilia kwa sababu ya ile sindano, na hakuna wimbo niliowahi kuupenda kuliko kilio kile.

Mama alisema jambo moja tu. "Kumbe kuandika unajua. Kusema ndiyo kazi." Daftari langu la kwanza kabisa la kuandikia mambo yangu alininunulia yeye wiki ile.

Siku hizi epo zinauzwa kila kona mpaka stendi, zimekatwa vipande, na watoto wanazitupa nusu. Mawe yetu mengine yamepasuliwa kujengea. Majuzi nilimwonyesha mtoto wa jirani ndulele, akalipiga picha kwa simu ya mama yake ili aiulize simu hilo ni tunda gani. Nikacheka, halafu nikawaza, angalau huyu anauliza kwanza. Sisi tulijua kila kichaka kwa jina, na ni sisi tuliolishana.

Kabula yuko darasa la sita, hakumbuki kitu. Leo alirudi na epo, na kabla hajaling'ata akanisogezea mimi. Nilimuuliza kwa nini huwa anafanya hivyo. "Si ndiyo adabu?" akasema. Niling'ata, nikamrudishia. Ndiyo maana naandika.

Kesho yake baada ya lile ndulele, Jumapili asubuhi, nilikwenda kwa kina Happy peke yangu. Baba yake alikuwa anapiga mswaki nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo unaongea?"

"Naomba epo. La mdogo wangu, anaumwa."

Aliingia ndani akatoka nalo, jekundu, na stika yake. Nililishika kwa mikono miwili mpaka zahanati. Kabula alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. Alipoliona alificha mikono chini ya khanga ya mama. "Chungu," akasema.

Nikaibandua stika, nikaitupa. Nikang'ata mimi kwanza, nikatafuna, nikameza, nikafungua mdomo aone hakuna kitu. Mikono haikutoka. Nikang'ata tena. Ndipo mkono mmoja ukatoka chini ya khanga.