Mabawa ya Buluu
Mama anayetushonea nguo pale studio, Hollywood, ana vidole vya manjano mpaka kwenye kucha, na huimba kwa pua huku pini zimejaa mdomoni. Sijui huwa hazimezi vipi! Leo tuliigiza nyota zilizoshuka duniani kucheza dansi. Opal, ambaye hii ni filamu yake ya kwanza, akaja na mabawa ya buluu aliyoshonewa na bibi yake. Kumbe kamera hii mpya ya rangi hushika nyekundu na kijani tu; buluu huigeuza kijivu.

"Mtoeni!" mwongozaji akafoka. "Nyota gani ina ukungu?"

Opal akaanza kulia. Mama akatema pini. "Hebu tulia, bwana mkubwa." Akayazamisha mabawa kwenye ndoo yake iliyojaa rangi ya manjano ya nguo, yakatoka kijani, yanachuruzika. "Ruka, mwanangu, yatakaukia hewani."

Opal akaruka. Matone yakatapakaa kwenye shati la mwongozaji.

"Washa kamera!" mwongozaji akapiga kelele bila hata kujifuta, na mama akarudisha pini mdomoni.