Sakafu ya Kulwa

Nilikwenda Puge kutafuta ufa. Kamati ya ujenzi ya kigango chetu, huku Kipalapala, ilishaniambia: sakafu uliyomwaga nyumba ya katekista inapasuka kila mwaka, kamwone Kulwa anafanyaje, la sivyo kazi tutampa yeye. Mimi! Na Kulwa tulianza kushika mwiko wa uashi siku moja, na nilikuwa namshinda kila kitu. Mke wangu ndiye aliyenimaliza.

"Wanasema za Kulwa hazipasuki," akasema, huku akinifungia michembe, viazi vikavu vya kutafuna njiani.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi Tabora mjini. Barabara ya Nzega walipita wapagazi wa zamani na mizigo ya watu. Mzigo wangu ulikuwa kipande cha nondo, nimekiviringisha kwenye gazeti. Nilitaka kuichokonoa sakafu yake mbele ya majirani.

Saa tatu, Puge. Kulwa alinipokea stendi, kanenepa. Hata hilo liliniuma.

"Mwangaluka, kaka!"

"Mwangaluka," nikaitikia salamu yake ya asubuhi, meno tu yakicheka.

Kwake nilikuta akina mama wakikata chupa tupu za maji kwa mikasi, vipande vyembamba kama mchicha wa kupika. Udongo wao ni ule mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kulwa anauchanganya na vile vipande, anaunyunyizia maji, anaushindilia, ndipo anamwaga sakafu juu yake.

"Vinaushika usitanuke ovyo," akasema.

Nikakimbilia darasa la chekechea alilojenga. Nikapiga magoti, nikapapasa kona zote. Hakuna kitu. Nikagonga na nondo, ikadunda. Jamani, nilivyoona wivu!

Mchana, nyuma ya banda la kuku, nikaupata! Kijisakafu kimechanika, ufa unaingia kidole. Furaha niliyoipata, Mungu anisamehe. Nikapaza sauti wote wasikie.

"Kulwa! Na hii je?"

"Aa, hiyo ndiyo ya kwanza," akajibu bila haya. "Nilijaza plastiki mno, udongo ukakosa kushikana. Nimeiacha watu waione, wasirudie."

"Shemeji, wageni wote tunawaanzishia hapa," mkewe akadakia. "Wewe ulikimbilia darasani."

Mimi kila mwaka, kabla Padre hajaja, huingia kwa katekista na ndoo ya saruji, nikatia viraka, nikasugua mpaka visionekane.

Jioni nilirudi na kiroba cha vipande. Jumapili baada ya misa nikaiita kamati kwa katekista, nikabandua viraka vyangu vyote kwa ile nondo.

"Ufa huu wa lini?" mwenyekiti akauliza.

"Wa mwaka wa kwanza."

Kazi hawakuninyang'anya, ila Kulwa aliitwa tushindilie pamoja. Wivu wangu kwake haujaisha, nisiwadanganye. Lakini kona moja ya sakafu ya zamani nimeiacha na ufa wake. Mgeni akija, naanzia hapo.