Koi wa Jirani na Baridi ya Julai

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimechoma nyama Soko la Kenyatta tangu nikiwa kijana mwenye shati moja. Nimeona bwana harusi akiruka dirisha kukwepa bili, na nimeona mbuzi mmoja akiuzwa kwa wateja wawili huku bado anatafuna majani. Shule niliachia darasa la sita. Leo nina mabucha mawili na jumba la ghorofa tano Kileleshwa, na wapangaji wangu karibu wote wana digrii. Sasa mtu angeniambia kwamba nitakuja kushindwa na samaki wa mapambo, samaki ambao hata hawaliwi, ningemcheka mpaka akose pa kusimama.

Samaki wenyewe wanaitwa koi. Ni wa jirani yangu, mama wa Kihindi mwenye nyumba ndogo ya zamani, ya mwisho iliyobaki katikati ya maghorofa ya mtaa wetu. Wajenzi wamemfuata na pesa mpaka wamechoka. Hauzi. Bwawa la nyuma ya nyumba lilichimbwa na mumewe, na mumewe alipofariki alimwachia hao koi. Mmoja wao ana umri kushinda ndoa yangu: mweupe, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na doa jekundu kichwani. Kila asubuhi huja juu na kunyonya vidole vya mama kama ndama. Mama humwongelesha Kigujarati kidogo, ndipo aende kunywa chai yake.

Mwezi wa sita, binti wa huyo mama, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa karibu kujifungua. Mama akaja kwenye kigeti cha uzio wetu.

"Jirani, mimi nasafiri miezi tatu. Nakuachia watoto."

"Watoto gani tena, mama?"

"Samaki! Hao wengine nikikosa mmoja, ni Mungu amechukua. Lakini huyu ya kichwa nyekundu, nikirudi nataka nimkute."

"Mama, nenda na amani. Nimelisha nusu ya Nairobi, nitashindwa na samaki?"

Aliniachia ndoo ya vidonge vya rangi ya udongo na kikombe kidogo cha kupimia. Kikombe kimoja kwa siku. Baridi ikizidi, nusu, na siku nyingine nisiwape kitu kabisa. Nilimtazama tu. Nusu kikombe kwa samaki wa miili ile? Nikasema moyoni, huyu ni mjane, anabana matumizi na anaona haya kusema. Nitamfanyia wema kimyakimya.

Hapo akili ya bucha ikaniponza. Sisi watu wa nyama tunajua Julai ndio mwezi wa kula. Jua la Nairobi linajificha, watu wanakuja na makoti, supu ya mifupa inaisha kabla jua halijapanda. Mwili ukishikwa na baridi unadai mafuta, hilo halihitaji shule. Na hawa koi nikawaona wamepoa, wamejikunyata chini ya maji, hawachezi. Nikaona wazi kwamba ni njaa ya baridi.

Nikaongeza vidonge. Halafu nikanunua chakula cha kuku wa mayai, kwa sababu kama kinatoa yai kitashindwaje kunenepesha samaki? Jumamosi niliwaletea maini kutoka bucha, nimeyakatakata kwa mkono wangu mwenyewe. Wageni waliofika kwangu niliwapitisha kwenye kigeti, kila mmoja na kipande chake cha chapati. Na samaki walikula, bwana! Mwenye doa akawa na kifua kama diwani aliyechaguliwa jana. Nikawa natembea kando ya bwawa nikiwa nimefunga mikono nyuma.

Jumapili moja mama akapiga simu ya video. Nikakimbia nayo bwawani.

"Mama, njoo uone fahali wako!"

Akasogelea simu yake. Kisha uso wake ukajaa kioo chote.

"Geuza simu. Si huko, chini! Jirani, huyu samaki analala upande. Umelisha yeye nini?"

"Chakula, mama."

"Chakula gani?"

Nikamtajia. Kwenye kuku alifunga macho. Kwenye maini aliita Mungu wake.

"Wewe ulifikiri ni ng'ombe ya Krismasi? Samaki hana moto ndani kama wewe! Maji ikiwa baridi, tumbo yake inalala. Chakula inakaa huko ndani inaoza. Hakuwa na njaa, jirani. Alikuwa amepumzika!"

Nikatazama tena, sasa kwa macho yake. Tumbo la samaki lilikuwa limevimba kama kibuyu. Maji yalikuwa na povu kwenye kingo, lile povu la sufuria ya mifupa. Vitu hivyo vyote nilikuwa nimeviona asubuhi ile ile, nikaviita afya.

"Mzee yangu alikufa mimi nikiwa safari," akasema, na sauti yake ikashuka. "Sikumkuta. Huyu nataka nimkute."

Nimetukanwa na walevi, na askari wa jiji, na wakwe, na hakuna aliyewahi kunikalisha chini. Siku hiyo niliketi kwenye ukingo wa bwawa na suruali yangu ya kanisa.

Amri yake ya kwanza ilikuwa nisiwape chochote wiki nzima. Ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ukikaribia, wale wadogo wanakuja juu na kufungua midomo, na mimi maisha yangu yote nimejengwa na midomo iliyofunguliwa. Mke wangu alinikuta hapo nimeficha mikono mifukoni.

"Baba watoto, unaogopa wakuibie?"

"Najizuia."

"Ungejizuia hivyo na nyama ya mbavu, daktari angekufurahia."

Amri ya pili ilikuwa maji. Kila siku tulitoa kiasi na kurudisha kiasi, na ya mfereji hayakuingia kabla hayajakaa kwenye mapipa ili dawa ya klorini iishe. Wapangaji wenye digrii walisimama barazani wakipiga picha mwenye nyumba akibeba ndoo. Nikayeyusha chumvi ya mawe kwa kipimo alichonipa mama, nikanunua pampu ya hewa na kipimajoto. Kipimajoto kilisema kweli aliyosema mama: ile ilikuwa baridi ya kulaza matumbo.

Halafu chakula chenyewe. Mjini katikati, kwenye duka la mifugo, muuzaji alinivutia gunia la chakula cha tilapia.

"Hii, mzee, inanenepesha haraka sana."

"Kijana, wangu ameshanenepa. Huo ndio ugonjwa."

Nikaenda Westlands, kwenye duka lililo chini kabisa ya jengo la maduka, wanakouza vitu vya mabwawa. Hapo nilikuta pakiti za kila aina: ya kukuza, ya kung'arisha rangi nyekundu, ya msimu wa baridi yenye kiini cha ngano, na chupa za vitamini zenye picha ya samaki anayetabasamu. Muuzaji alipanga zote mbele yangu kama karata.

"Chukua seti nzima, mkubwa. Rangi itawaka!"

Lakini mimi pia ni muuzaji. Najua kinachowekwa mbele ni kile kinachotaka kuharibika. Nikamwambia anifungulie ile ya ngano. Nikainusa. Mafuta yaliyochacha nayajua hata nikiwa na mafua, na yale yalikuwa yamechacha.

"Hii irudishe. Niletee ya nyuma."

Akaleta pakiti nyingine. Hiyo ilinukia nafaka na bahari. Nikachukua ndogo, si kubwa, kwa sababu ukishafungua pakiti hewa inaanza kuila kabla ya samaki. Vitamini nikachukua moja tu, ya C, ya unga, wa kunyunyizia kidogo juu ya vidonge. Ya rangi niliacha. Mama alisema rangi ni ya kuzaliwa na maji safi, na nilikuwa nimekoma kubishana naye.

Wiki ilipoisha, mama akaniruhusu kumpa yule mwenye doa minji, zile njegere za kijani: ichemshwe, ipoe, imenywe ngozi, moja moja. Nilikuwa nikiimenya pale Soko la Kenyatta, kwenye meza ya kukatia nyama, na vijana wangu wa kuchoma nyama wakaacha kazi kunitazama.

"Mdosi, hiyo minji ni ya pilau?"

"Ni ya samaki. Amefungwa choo."

"Sasa wewe ndiye nesi?"

Walicheka mpaka wateja wakauliza. Niliwaacha wacheke. Siku iliyofuata yule mwenye doa alitoa uzi mrefu mweupe wa choo nyuma yake, nami nikaita mke wangu kwa kelele kama mtu aliyepata mjukuu. Kufikia mwisho wa Agosti alikuwa amenyooka, tumbo limerudi mahali pake, na jua lilipoanza kurudi mtaani alikuja mwenyewe kwenye mkono wangu. Mdomo wake hauna meno. Ni kama kushikwa na mtoto mchanga.

Mama alirudi mwezi wa tisa. Hakuingia nyumbani. Sanduku lilibaki kwenye gari, akapita moja kwa moja nyuma, akavua viatu, akapiga magoti. Mwenye doa alikuja bila kuitwa. Mama alimwongelesha Kigujarati kirefu, nami nikageuka kutazama ukuta, maana mambo ya watu na nyumba yao si ya jirani.

Alipoinuka alifuta macho na kuuliza nimetumia pesa ngapi.

"Mama, kwa jirani hakuna bili."

"Jirani, mimi nauliza."

"Na mimi nimejibu."

Mpaka leo hajui, ingawa kila akinikaribisha chai anajaribu tena. Ninyi nitawaambia, kwa sababu hamwezi kunilipa: shilingi elfu thelathini na nane, mia sita na arobaini.