Maziwa kwenye lami ya Gatsata

Juzi, pale njia panda ya Sonatubes, gari lilimgonga kijana anayeleta maziwa dukani kwangu kwa pikipiki. Nilipofika, harufu ya maziwa kwenye lami ya moto ikanirudisha utotoni.

Baba alikuwa anapandisha maziwa mlima wa Gatsata kwa baiskeli. Mimi, binti yake, nilisukuma kwa nyuma mpaka mlima uishe, ndipo niende shule. Siku ile nilichoka. Lori likapita polepole, nikamwambia, "Baba, shika lori kama wenzako! Mwalimu atanichapa tena."

Akacheka. "Haya bosi, kimbia."

Akashika lori kwa mkono mmoja, likamvuta. Kabla sijafika mbali likazimika, likarudi nyuma, likamkanyaga mguu.

Nilimkuta mtaroni, maziwa yakipita katikati ya vidole vya miguu yangu.

"Mwanangu, maziwa yamepona?"

"Yamepona, Baba."

Mguu ulikatwa. Shule nikaiacha, baiskeli nikaichukua mimi, na duka hili nimelijenga kwa miguu yangu. Lakini Baba, mpaka tunamzika, kila aliyemuuliza kuhusu mguu alimjibu hivyo hivyo: "Lori nililiona mwenyewe, nikalishika mwenyewe."